Mtu wa Kijani wa Kasenga

Bonifasi alikuwa wa sita kutoka mlangoni. Shefu Fideli Musambya alitembea pole pole mbele ya ukuta uliochorwa watu kumi na wawili, kama mtu anayeonyeshwa vyumba vya nyumba anayotaka kupanga, na kwenye kila uso alisimama, akafikiri kidogo, na kwa baadhi akataja jina na avenyu. Minye nilikuwa mlangoni mwa shapeli ya Kasenga na beseni la ndagala kichwani. Niliona watu wamejaa nikafikiri kuna mgawo wa unga, nikaingia, na askari akafunga mlango nyuma yangu. Komanda wao, yule watu walimwita Baridi kwa sababu hakupaza sauti hata siku moja, alikuwa amekaa kwenye benchi la wanakwaya anakula karanga. Kila jina likitoka, askari mmoja aliliandika. Musambya akafika kwa mtu wa kijani aliyeinua mkono, akasema, "Huyu ni Bonifasi, fundi wa kinga. Anakaa Kilibula, kwa Anselemi." Huyo Bonifasi ni bwana yangu, na zile kinga ni baiskeli alizotengeneza mbele ya nyumba yetu. Nilishusha beseni chini taratibu ili ndagala zisimwagike, na mpaka leo sijui kwa nini nilijali ndagala. Waliondoka na gari, Musambya amekaa mbele, karibu na dereva, kuonyesha njia. Waliporuhusu mlango kufunguka nilikimbia mpaka Kilibula. Nilikuta tiubu imelala kwenye kigoda, imebandikwa kiraka nusu, na gundi haijakauka.

Watu watano walichukuliwa siku ile. Wawili walirudi, na kwa sababu walifungwa macho hawakujua walikopelekwa. Bonifasi hayumo katika wawili.

Nisingeandika, lakini mwezi uliopita walinijia vijana wawili kutoka Bukavu, msichana mwenye kamera na kijana mwenye kaye ya kuandikia. Walisema wanatafuta watu waliomjua mzee Anselemi mchoraji. Walisema alikuwa katika wa kwanza kabisa huku kwetu, tangu wakati wa Wabelgiji, kuacha kuchora vitu jinsi jicho linavyoviona, na kwamba hakuna anayemjua kwa sababu hakwenda Kinshasa na hakuchora kwenye vitambaa vya kuuza. Alichora kwenye kuta na milango, na kuta na milango ya mji wetu wa Uvira sote tunajua vita ilivyoifanya. Walimwita msanii wa kisasa. Nilifurahi kama aliyesifiwa ni baba yangu mzazi. Niliwapikia chai, nikawakatia mikate. Halafu kijana akasema kuna komite imeundwa, watabandua chokaa iliyofunika picha yake kwenye ukuta wa shapeli mbele ya wageni, na kwaya itaimba, na prezida wa komite ni papa Musambya. Papa Musambya amewaambia kwamba yule mtu mkubwa wa zambarau, wa katikati, ni yeye. Kwamba alikaa kwenye kiti siku tatu akichorwa. Msichana akaniuliza kama minye pia nina kumbukumbu nzuri. Nikamwambia ngoja. Nimefika mwaka wa tano wa primeri tu. Atakayesoma kaye hii arekebishe herufi, majina ayaache.

Tulifika Kilibula mwaka ule wa vita ya pili, kutoka Runingu, kwa sababu muhogo wetu ulikuwa unang'olewa na kila mwenye bunduki, wa chini na wa mlimani, na hakuna aliyetuambia sisi tuko wa nani. Tulipanga chumba cha nyuma kwa Papa Anselemi, minye, Bonifasi na binti yetu Neema aliyekuwa ananyonya. Chumba kilikuwa na dirisha moja la mbao na ukuta mmoja uliochorwa. Siku ya kwanza nilidhani ukuta umeharibika. Ulikuwa mweusi wa bluu kuanzia chini mpaka kifuani pangu, mweupe kutoka hapo mpaka juu, na katikati mstari mwekundu mwembamba uliopinda kidogo upande wa kushoto. Hakuna mtumbwi, hakuna mtu, hakuna ndege. Nikamwambia Bonifasi tuombe chokaa tupake. Tukakaa wiki moja na mvua yake, na asubuhi moja nikiwa nimelala namnyonyesha mtoto nikaona kumbe ni ziwa, saa ile jua halijatoka Burundi, na ule mstari ni jua linalotaka kutoka. Nilikuwa nimeliona ziwa maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuliona. Sikuomba tena chokaa.

Alikuwa mtu mrefu, shingo kama ya korongo, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha mwisho hata kwenye joto. Kufanya alifanya kila kitu. Alichora vibao vya vinyozi, majeneza ya watoto, pua za mitumbwi, viti vya maharusi, pazia la michezo ya shule, etiketi za chupa za pombe ya kasiksi. Baa moja ya Kasenga alikuwa ameitandika sakafu nzima kwa vijiwe vya ziwani, vyeupe na vyeusi, ukilewa unaona vinatembea, na mwenye baa alilalamika wateja wanaanguka. Rangi alitengeneza mwenyewe: masizi ya sufuria, udongo mwekundu niliomletea kutoka mto Runingu, bulee ya kufulia nguo, kiini cha yai, gundi ya muhogo. Jiko letu moja lilipika bugali na rangi, na mara moja Bonifasi alionja rangi akidhani ni mchuzi. Watu wa avenyu walimcheka. Walisema Anselemi hamalizi, ni mvivu, anachora nusu anaenda kulala. Hakukasirika. Kula tulikula pamoja, kwa sababu hakuwa na mke tena na minye nilikuwa na mkono wa kupika. Sombe ya majani ya muhogo siku nyingi, samaki wa mukeke siku ambayo Bonifasi alilipwa na wavuvi. Kwenye mlango wa jikoni alikuwa amechora samaki, mistari mitatu tu, na Bonifasi, mtu asiyesema, siku moja akauliza, "Papa, huyu samaki macho iko wapi?"

"Weye ukikula mukeke, unaanza na macho?"

"Hapana. Naanza na mgongo."

"Njo maana minye nimechora mgongo."

Bonifasi akacheka mpaka akakohoa bugali. Tangu siku ile walikuwa wanabishana kila mlo, na ndiyo sauti ninayoikumbuka ya nyumba ile, wazee wawili, maana Bonifasi naye alikuwa kama mzee akiwa na miaka ishirini na saba. Mgongo wake ulikuwa umeinama upande mmoja, wa kulia, kwa sababu ya kuinamia magurudumu. Wakibishana nilijifanya ninaosha sahani iliyokwisha kuwa safi.

Kabla ya Kwaresima katekista wa shapeli alimwomba achore mitume kumi na wawili kwenye ukuta wa upande wa kulia. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kumpa. Papa Anselemi akasema kila nyumba ilete yai moja, kwa ajili ya rangi, na mwenye kuleta yai aje ale naye. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi. Hakuwa na karatasi wala kalamu. Mtu alifika na yai lake, akaketi mezani kwetu, nikampakulia, na Papa Anselemi alimwangalia akitafuna. Walikuja wengi, wengine na yai lililooza. Mmoja aliuliza mbona hamchori. Akajibu, "Niko nakuchora tangu uliponawa." Musambya alikuja kama wengine, akala mara moja, akaomba kuongezewa maharage, akaenda. Siku tatu za kwenye kiti, hizo minye sikuziona, na minye ndiye niliyepika. Bonifasi hakuleta yai kwa sababu alikuwa wa nyumbani. Lakini alikula pale kila siku, na kila siku aliangaliwa.

Ukuta ulipokwisha, katekista alitoka nje akakaa kwenye jiwe. Mitume walikuwa wakubwa kuliko watu, wamesimama mstari mmoja wameegemeana, nyuso zimekatwa bapa bapa kama mbao zilizorandwa, mmoja zambarau, mmoja wa manjano, mmoja wa kijani. Mmoja alivaa botine za mpira. Wa saba alikuwa na shati la kola lililofungwa mpaka juu. Na ile duara ya utakatifu hakuiweka kichwani. Mmoja aliikalia, mwingine ilikuwa chini ya miguu yake kama bakuli, na yule wa kijani aliishika mkononi, mkono umeinuliwa. Padri alikuja, akaangalia kipindi kirefu, akasema iacheni ilivyo. Basi watu wakaanza kuzoea, na wakizoea wakaanza kujitafuta. Kila Jumapili baada ya misa ilikuwa kazi. Huyu ni baba, angalia pua. Hapana, hiyo ni pua ya shemeji. Wazee waligombania botine. Hakuna uso uliofanana na mtu, kwa hiyo kila uso ulitosha kwa yeyote, na aliyechukua mapema ndiye alikuwa mwenyewe. Musambya alichukua wa zambarau, kwa kuwa ni mkubwa na yuko katikati. Tulizoea hata kumwita mtu kwa rangi yake. Hatukuona ubaya. Ulikuwa mwaka wa kuzika na kukimbia, na ilikuwa vizuri kuwa mahali fulani, hata ukutani.

Sasa ninafika kwenye mdomo wangu. Kwenye robine ya maji, Mama Sifa, mke wa Musambya, aliniambia mbele ya wanawake wote, "Mama Neema, weye unamlisha mchoraji kila siku, na bwana yako hayuko kwa mitume. Ao alikuwa chini ya meza?" Wakacheka. Minye nikawaka. Nikasema, "Yuko. Wa kijani njo yeye. Si munaona ameshika gurudumu? Angalieni mgongo." Na ilikuwa kweli, ile duara mkononi ukiangalia hivyo ilikuwa rimu ya kinga, na mgongo ulikuwa umeinama kulia. Wa kijani hakuwa na mwenyewe, watu waliogopa ile rangi. Nikabeba maji yangu nikienda kama malkia. Nilipomwambia Bonifasi aliona haya, akasema nisirudie tena, lakini Jumapili nilimwona amesimama mbali, anamwangalia yule mtu kwa jicho la kuiba.

Miezi miwili baadaye watu wa mlimani walishuka wakapiga posti ya askari karibu na Kasenga, na asubuhi yake Baridi alianza kutafuta nani aliwapa njia. Mtu alimwambia kwamba ndani ya shapeli kuna picha ya wanaume kumi na wawili wanaapa. Jina la mtu huyo silijui, na nimeulizia miaka yote. Katekista alieleza kwamba ni mitume. Baridi akauliza tangu lini mtume anavaa botine, na kwa nini huyu ameinua mkono. Ndipo wakamwita shefu wa avenyu, na ndipo Musambya akatembea mbele ya ukuta kama nilivyosema. Alipofika kwa wa zambarau, ambaye kwaya nzima ilijua kajichagulia, hakusita. Alisema huyu ni mvuvi mmoja aliyezama zamani. Akaendelea. Kwa sita ambao wenyewe wana ndugu wakubwa alisema hakumbuki. Kwa watano alikumbuka.

Lakini siwezi kuandika la Musambya nikaacha la Papa Anselemi, ingawa vijana wa Bukavu hawatalipenda. Walikuwa wamemleta naye, alisimama chini ya ukuta wake na shati lake la vifungo. Kabla ya kusimama kutoka kwenye benchi, Baridi alimuuliza kwa upole kabisa: mzee, hawa ni watu wa kweli, ao ni wa kubuni? Nilikuwa mlangoni, nilisikia kila neno. Niliomba ndani ya moyo aseme ni rangi tu, ni nusu, ni uvivu wangu, kama walivyosema wote waliomcheka. Alikuwa ameongopa mara mia kwa watu wa kodi. Akanyoosha ile shingo, akasema, "Minye sijachora mutu ambaye hayuko. Hawa wote nilikula nao."

"Basi ni watu wa kweli."

"Ni wa kweli kuliko weye."

Kofi alilopigwa lilimwangusha kwenye mabenchi, na gari likaondoka kwenda Kilibula. Nimelizungusha neno hilo miaka yote. Siku nyingine naona ni neno la mtu asiyeogopa, nami nampenda zaidi. Siku nyingine naona ni majivuno ya fundi ambaye kwa mara ya kwanza mtu mkubwa amemuuliza juu ya kazi yake, na akasahau kwamba chini ya kila uso kuna mtu anayekaa avenyu fulani. Sijui. Ningejua ningekuwa nimepumzika.

Wiki ile ile wanawake wa shapeli waliamua ukuta upakwe chokaa kabla Baridi hajarudi kwa saba waliobaki. Walinipa minye brashi. Papa Anselemi mwenyewe ndiye aliyekoroga, jicho moja limevimba mpaka limefumba. Kwanza alinipa ndoo ya uji wa muhogo, mwepesi, akaniambia pakaa huu, uache ukauke, halafu chokaa. Nilianza na wa kijani. Nilifikiri uji unasaidia chokaa kushika. Kumbe kazi yake ni kinyume: mwezi uliopita vijana wa Bukavu walipojaribu kona moja kwa kisu, chokaa ilibanduka kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake rangi mpya kabisa. Msichana alilia kwa furaha, akasema mzee alitufikiria. Minye nilitoka nje. Niliwaza, bwana yangu hana siku tano tangu achukuliwe, na mzee huyu anafikiria picha yake itakavyofunuliwa. Halafu nikakumbuka jicho lake siku ile lilivyokuwa limevimba juu ya ndoo, na sikujua tena nimkasirikie kwa lipi.

Niliendelea kumpikia. Ningefanya nini, chumba kilikuwa chake na mtu mwingine wa kusema naye habari za Bonifasi hakuwepo. Alikula kidogo, kisha hakula. Nilimuuliza kitu kimoja tu, na nilimuuliza kila siku, kama mgonjwa anavyoulizwa amelalaje: Papa, yule wa kijani ni Bonifasi? Siku moja alisema hapana, ni Filipo mtume. Siku nyingine alisema, wewe ndiye uliyemtaja, uniulize nini. Nilimtupia sahani siku hiyo, na aliokota vipande mwenyewe. Karibu na mwisho, amelala kwenye mkeka chini ya ule ukuta wa ziwa, maana nilikuwa nimempa chumba chetu chenye dirisha, alisema bila kuulizwa, "Mugongo ni wake. Mukono ni wa mutu mwengine. Uso, mwanangu, sikumbuke." Alikufa kabla mwaka haujaisha. Tulimchonga jeneza lisilochorwa kwa sababu aliyekuwa anachora majeneza ni yeye.

Kwa hiyo nina mgongo. Ninampenda mtu aliyenifundisha kuona ziwa, na mtu huyo huyo hakutaka kuongopa neno moja dogo. Nina mdomo wangu kwenye robine. Sikatai sehemu yangu, na ya marehemu nitamuuliza tukikutana. Baridi sijui alikofia wala jina alilopewa na mama yake. Aliye hai, anayelala Kilibula, anayeshonesha suti ya siku ya wageni, ni mmoja.

Fideli Musambya, ninakuandikia wewe kwa jina, na vijana hawa wataniandikia kopi, moja ya kwako, moja ya padri, moja ya komite unayoiongoza. Kabla chokaa haijabanduliwa yote, simama mbele ya watu wa Kasenga ujibu. Jina la Bonifasi ulilipata wapi? Kama Mama Sifa alilibeba kutoka robine, kutoka kwenye mdomo wangu, sema hivyo hadharani, nami nitalibeba mpaka kaburini na sitakuchukia kuliko ninavyojichukia. Kama ulilitoa mwenyewe, kwa sababu alikuwa mgeni wa Runingu asiye na ndugu wa kumlilia, sema hilo, unifungue. Na ulikuwa mbele, karibu na dereva. Walipotoka Kilibula na watu watano nyuma, gari lilikata kwenda upande gani, ulishuka wapi, na wao walishushwa wapi? Neema ana miaka zaidi ya aliyokuwa nayo baba yake. Anataka kujua mahali pa kusimama kumlilia. Mwambie.